Siku ya kazi katika Msitu wa Kakamega: tathmini ya kikundi cha wanaojitolea upande wa Isecheno

Wageni wengi wanaofika Msitu wa Kakamega hulipia matembezi ya saa mbili au tatu, huonyeshwa mbega na vipepeo, hupiga picha chini ya mti mkubwa, kisha huondoka kurudi Kisumu au Eldoret kabla ya mvua ya alasiri. Matembezi hayo ni mazuri na sina neno baya juu yake. Hata hivyo, upande wa Isecheno, kusini mwa msitu, kipo kikundi kidogo cha wakazi wa vijiji vya mpakani kinachotoa huduma ya aina nyingine: unalipa ada, unafanya kazi pamoja nao asubuhi nzima, unakula nao, na baada ya hapo ndipo unapopelekwa kutembea msituni. Nimeitumia huduma hiyo msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, nikiwa peke yangu na nikiwa na jamaa zangu, na naamini hakuna njia bora ya kuufahamu msitu huu, ingawa zipo kasoro ambazo kikundi chenyewe kinaweza kuzirekebisha bila kungoja mfadhili. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninayo malalamiko na kikundi ni kidogo mno kubebeshwa lawama za hadharani. Ukifika Isecheno na kuwaulizia watu wanaotunza miche, utaelekezwa.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, inafaa kueleza kinachotunzwa. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, kwa upande wa mashariki, cha misitu ya mvua ya aina ile inayoenea Kongo na Afrika Magharibi. Uko kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi, hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na una aina zaidi ya 300 za ndege na zaidi ya 400 za vipepeo, wakiwemo wengi wasioonekana kwingineko nchini Kenya. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, miaka ile ile ambayo mbio za dhahabu zilileta wachimbaji Kakamega na kuongeza haja ya mbao na kuni. Hifadhi ndogo za Yala na Isecheno zilitengwa mwaka 1967, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, yaani Buyangu, ikawa hifadhi ya taifa chini ya idara ya wanyamapori, huku kusini kukibaki mikononi mwa idara ya misitu. Pande zote za msitu huu kuna mashamba madogo na vijiji vya Waisukha, Waidakho, Watiriki na Wakabras, katika mojawapo ya maeneo ya mashambani yenye watu wengi zaidi nchini. Ndiyo maana naona kwamba hatima ya msitu iko mikononi mwa majirani zake kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baadaye ile ya mwaka 2016, ziliwapa majirani hao nafasi ya kuunda vyama vya jamii na kushiriki katika usimamizi, na vikundi kama hiki ninachokitathmini vimepata pumzi kutokana na nafasi hiyo.

Kufika si kazi ngumu. Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Kakamega, unapita Chavakali, unashuka Khayega, kisha unachukua bodaboda kupitia soko la Shinyalu. Kabla ya kuingia chini ya miti utaona ukanda wa majani chai, ambao ulianza kupandwa kando ya misitu ya serikali miaka ya 1980 ili uwe mpaka kati ya shamba na msitu. Mwambie dereva wa bodaboda saa utakayorudi na uchukue nambari yake, kwa sababu jioni, hasa mvua ikishanyesha, barabara hiyo haina usafiri wa kutegemea.

Kazi huanza mapema kwenye kitalu, na hapa ndipo nilipogundua kwamba nimelipia kitu cha thamani. Kitalu kiko chini ya kivuli cha matawi makavu yaliyotandazwa juu ya nguzo, na miche imepangwa kwa umri na kwa aina, kila safu ikiwa na kibao chenye jina la Kiluhya na, chini yake, jina la kisayansi lililoandikwa kwa mkono. Wapo mutere, wapo musine, wapo shikhuma, na safu ndefu kuliko zote ni ya mwiritsa, mti ambao magome yake hutumiwa kutengeneza dawa za tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa imekuwa ikidhibitiwa kwa mkataba tangu mwaka 1995. Mama anayesimamia kitalu, mtu mzima mwenye mikono ya mkulima na sauti ya upole, alinieleza kwamba mbegu ya mwiritsa haivumilii kukaushwa na kuwekwa ghalani kama mahindi. Ikikauka sana hufa, kwa hiyo wao huiokota chini ya mti wakati kima na ndege wamekwisha kula nyama ya tunda, wakaileta na kuisia bila kuchelewa. Maana yake ni kwamba hakuna duka la kukimbilia mwaka ambao miti haikuzaa vizuri, na kwamba mtu asiyeingia msituni kila wiki hawezi kujua ni lini matunda yameanguka.

Nilipewa kazi ya kuhamisha miche michanga kutoka kwenye tuta la kuotesha hadi kwenye vifuko vya udongo. Mama aliniangalia kidogo, akasema, «Mwanangu, usimkamate kwa shingo. Mshike kwa jani lake, maana jani litaota lingine, shingo haioti.» Kisha akanionyesha jinsi ya kutoboa shimo kwa kijiti, kuteremsha mzizi ukiwa umenyooka bila kukunjika, na kuubana udongo kwa vidole viwili kutoka kando. Alisema kwamba mzizi uliokunjika siku hiyo hautaonekana kuwa na kasoro yoyote kwa muda mrefu, hadi mti utakapofikia kimo cha mtu na kuanguka kwa upepo. Sijawahi kupewa maelezo ya namna hiyo katika shughuli yoyote ya upandaji miti niliyowahi kualikwa, na zimekuwa nyingi.

Hapo ndipo panapotofautisha huduma hii na nyingine. Nchi yetu imejifunza kupanda miti kwa shangwe. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila mtu apande, na lengo la serikali ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni lengo jema. Lakini mche ukishaingia ardhini unabaki na maadui wengi, na wageni walioupanda wamekwisha kwenda zao. Kikundi hiki kina daftari, daftari la kawaida la shule lenye jalada lililochakaa, ambamo kila sehemu iliyopandwa ina ukurasa wake. Kuna safu ya aina ya mche, safu ya tarehe ya kupandwa, safu za tarehe za kutembelewa, na safu ya mwisho ya sababu ya kifo kwa ile iliyokufa. Nilisoma kurasa kadhaa. Sababu zilizoandikwa ni ng'ombe, mchwa, jua, pongo, kukatwa kwa jembe wakati wa kupalilia, na mahali pengine pameandikwa tu «haijulikani». Mbele ya neno ng'ombe, kwenye ukurasa mmoja, mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu jina la njia ambayo mifugo hupitishwa, na nilipouliza nikaambiwa kwamba baada ya kuona vifo vimeshonana upande ule, walikwenda kuzungumza na wenye mifugo wakakubaliana njia ihamishwe kidogo. Daftari hilo ni ushahidi wa unyofu ambao mashirika makubwa mengi hayana, kwa sababu limeandikwa na watu walio tayari kuhesabu walichopoteza.

Kwa hiyo katika msimu wa kiangazi hutapewa mche wa kupanda hata ukiomba. Nilimsikia kiongozi wao akimwambia kwa adabu mwakilishi wa kampuni moja, aliyetaka kuleta wafanyakazi wake mwezi wa Januari wakiwa na mabango na fulana, kwamba wanakaribishwa kuja kupalilia na kumwagilia, lakini miche haitaingia ardhini kabla ya mvua za Machi au Aprili kutulia. Kuna sehemu ambayo zamani ilipandwa msimu usiofaa ili kuwaridhisha wageni, na mistari yake mitupu bado inaonekana. Kikundi kinachoweza kukataa fedha kwa sababu hiyo kinastahili kuaminiwa na kupewa fedha.

Baada ya kitalu mnakwenda kupalilia. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: unautafuta mche uliofunikwa na nyasi na mitambaazi, unafyeka duara kuuzunguka, unaing'oa kwa mkono mimea iliyojiviringisha kwenye shina lake, kisha unatandaza majani uliyofyeka kuzunguka mche bila kuyagusisha shina ili mchwa wasipate daraja. Panga hutumiwa na wenyeji peke yao. Mgeni hupewa mundu na kuonywa kwamba mche ukikatwa lazima useme, kwa sababu utaandikwa kwenye daftari. Jua likipanda, kazi hii inachosha kweli kweli, na mtu aliyekuja kwa ajili ya picha huanza kutazama saa.

Sehemu iliyonifundisha mengi zaidi ni ile ya mipera. Mpera si mti wa hapa kwa asili, na katika nyanda za wazi ndani na kando ya msitu umeenea sana, kwa kuwa ndege, kima na watu hula mapera na kusambaza mbegu. Unapokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi, kwa hiyo anayetaka kuuondoa lazima ang'oe au arudi kukata mara kwa mara mpaka uchoke. Nilitarajia kwamba tungeamrishwa kufyeka kila mpera ulio mbele yetu. Kijana aliyetuongoza alitusimamisha chini ya mpera mmoja mzee uliokuwa ukingoni mwa shamba, akainama, akafunua nyasi. Chini yake kulikuwa na miche ya miti ya msituni ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Ndege wanaokuja kula mapera hupumzika kwenye matawi hayo na kudondosha mbegu walizokula msituni, na kivuli cha mpera huzilinda zikichipua. Watafiti wamelieleza jambo hilo hilo kuhusu mashamba yanayopakana na Kakamega. Kwa sababu hiyo kikundi hakifyeki mipera yote kwa mkupuo. Ile iliyosonga katika uwanda wa ndani huondolewa, na ile ya ukingoni yenye watoto wa miti mingine chini yake huachwa hadi watoto hao wafike kimo cha kujitegemea, kisha mpera hupunguzwa matawi hatua kwa hatua. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu aliye ofisini. Unahitaji mtu wa kupiga magoti na kutazama chini ya kila mti.

Kuna pia kazi ya kutafuta mitego, ambayo wageni hawapelekwi isipokuwa wameomba mapema na wamekubaliwa. Mitego mingi huwa ni nyaya za breki za baiskeli zilizofungwa kitanzi kwenye mche unaopinda, katika mapito ya funo na pongo. Niliuona mmoja kabla haujateguliwa na sikuweza kuutambua mpaka kidole cha mwelekezi kilipokaribia kuugusa. Kikundi hakiwakamati watu. Hutoa taarifa kwa askari wa msitu na kukusanya nyaya, na wakati mwingine huenda kuzungumza na mzazi wa kijana anayeshukiwa, kwa kuwa wanajuana. Nilivutiwa na namna wanavyozungumza juu ya jambo hili bila kiburi. Wanajua kwamba anayetega mara nyingi ni jirani ambaye nyumba yake haina kitoweo, na wanajua pia kwamba akina mama wanaoingia kuokota kuni kavu kwa kibali ndio wanaoiona mitego mingi kabla ya mtu mwingine, hivyo wamewafanya kuwa washirika.

Jambo la mukombero nalo linastahili kutajwa. Mizizi yake inatafunwa na kuuzwa mitaani kuanzia Kakamega hadi Kisumu na Nairobi, na kwa kuwa anayevuna huchimba mzizi wenyewe, mmea umepungua sana msituni. Kikundi kina tuta la mukombero kwenye kitalu na huwauzia wakulima miche ili waipande nyumbani na kuacha ule wa porini. Nilinunua miwili. Ni uzoefu mdogo ndani ya siku ndefu, lakini mgeni mwenye shamba asiukose.

Chakula cha mchana hupikwa na akina mama wa kikundi: ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji aliyepikwa taratibu, mrenda na kunde, na chai ya maziwa kabla na baada. Ni chakula kizuri kuliko cha hoteli nyingi za barabarani. Asiyekula nyama aseme mapema asubuhi, hatapata shida.

Matembezi ya alasiri hudumu saa mbili hivi, na ubora wake unatokana na asubuhi. Mtu aliyeshika mche wa mutere kwa vidole vyake humtazama hondohondo kwa macho tofauti anapoambiwa kwamba ndege huyo mwenye kichwa kizito, anayesikika kwa uvumi wa mabawa yake kabla hajaonekana, ndiye msambazaji mkubwa wa mbegu za mti ule. Tulionyeshwa mkuyu uliomea juu ya mti mwingine, mizizi yake ikiteremka kama kamba hadi ardhini na kumzunguka mwenyeji wake mpaka akaoza ndani, na mwelekezi alitueleza kwa utulivu jinsi mbegu yake ilivyodondoshwa na ndege kwenye panda ya tawi miaka mingi iliyopita. Mbega walikuwa juu, weusi na weupe, wakila majani bila haraka. Kima wa upande huu hawakimbii watu, kwa kuwa makundi yao yamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1979, kazi iliyoanzishwa na Marina Cords wa Marekani na ambayo imewapa vijana kadhaa wa hapa ujuzi wa kumtambua kila mnyama kwa uso wake. Kulukulu mkubwa wa buluu tulimsikia, kisha tukamwona akikimbia juu ya tawi kwa namna yake ya ajabu, mkia ukining'inia. Kasuku wa kijivu, ambao wazee wanasema walikuwa wakipita kwa makundi, sijabahatika kuwaona hata mara moja, na mwelekezi hakunidanganya kwamba ningewaona.

Wenye nguvu hupanda hadi kilima cha Lirhanda, ambako unauona msitu wote ukitandazwa chini na kuta za Nandi upande wa mashariki, na ambako kuna handaki la zamani la wachimba dhahabu lililojaa popo. Kilima ni kizuri, ila mimi ningependa muda huo utumike chini ya miti, na nadhani kikundi kingefanya vyema kuwapa wageni uchaguzi kati ya njia hizo mbili waziwazi.

Sasa nije kwenye malalamiko. La kwanza ni bei. Hakuna mahali ilipoandikwa. Ada ya kikundi ni nafuu, na ada ya kuingia msituni hulipwa kando kwa mamlaka inayohusika, lakini mgeni wa kwanza hawezi kujua ipi ni ipi, na watu wawili niliowauliza walinitajia viwango tofauti kwa huduma ile ile. Sidhani kwamba kuna udanganyifu. Ni uzembe wa kutoandika, na katika shughuli ya fedha za watu uzembe huo huzaa shaka. Kibao kimoja chenye bei ya siku nzima, bei ya nusu siku, bei ya watoto na maelezo ya mahali fedha inapokwenda kingeondoa tatizo lote, na kwa kuwa wana vibao vizuri vya miche, hawawezi kusema kwamba hawajui kuandika kibao.

La pili linahusu haki. Kazi ya kitalu, ambayo ni ya kila siku, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, hufanywa karibu yote na wanawake, nao wanajitolea bila malipo. Kuongoza wageni hufanywa zaidi na vijana wa kiume, na mwelekezi hupata fungu lake la ada na bakshishi ya wageni. Vijana hao ni hodari na sina nia ya kuwapunguzia, lakini mgeni aliyefundishwa na yule mama wa kitalu jinsi ya kushika mche huondoka bila kujua kwamba bakshishi aliyoitoa msituni haitafika kitaluni. Niliwauliza wanakikundi juu ya jambo hili, nikaambiwa kwamba wamelijadili na kwamba sehemu ya ada huingia kwenye mfuko wa kununua samadi na vifaa. Samadi si ujira. Kikundi kiweke sanduku moja la bakshishi na kuigawa kwa wote walioshiriki siku ile, na hadi watakapofanya hivyo, nawashauri wageni watoe mbili, moja kitaluni na moja mwisho wa matembezi.

La tatu ni usalama. Msitu huu una nyoka, wakiwemo kifutu wa Gaboni na koboko wa mitini, na ingawa ni nadra sana kwao kumdhuru mtu anayefuata njia, kupalilia kwenye nyasi ndefu ni jambo jingine. Wageni huambiwa wavae viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, lakini waliofika na raba nyepesi waliruhusiwa kuendelea, na buti za mpira za kuazima zilikuwa chache na za namba kubwa tu. Sikuona sanduku la huduma ya kwanza kwenye eneo la kazi, lilikuwa limebaki ofisini. Kiongozi ana simu na anajua pa kumpeleka mtu, jambo ambalo ni zuri, ila mvua kubwa ikinyesha njia huwa utelezi na bodaboda huchelewa. Hapa sitalegeza msimamo: asiye na viatu vinavyofaa asipelekwe kwenye nyasi, hata kama amelipa.

La nne ni dogo kwa mtu mwingine, lakini kwangu ni kubwa. Lile daftari hawalionyeshi mpaka uombe. Nililipata kwa kuuliza ni miche mingapi iliyopona katika sehemu fulani, na mwelekezi akasita kana kwamba nimeomba kuona deni la nyumba. Nadhani wanaogopa kwamba mgeni akiona safu ya vifo atadhani kazi imeshindwa. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Kila mgeni angeonyeshwa ukurasa wa sehemu atakayopalilia kabla ya kukabidhiwa mundu, angejua kwa nini anafyeka duara na kwa nini majani yasiguse shina, na angejua kwamba mche ulio mbele yake umekwisha kuponea ng'ombe na kiangazi kimoja. Baada ya miezi sita wangeweza kumtumia ujumbe mfupi wa simu kumweleza hali ya sehemu ile. Nambari za wageni wanazo tayari, na ujumbe haugharimu kitu kikubwa.

Huduma hii inamfaa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, familia yenye watoto wa kuanzia miaka kumi hivi, na hasa vilabu vya mazingira vya shule za sekondari, mradi mwalimu asilete wanafunzi wengi kuliko mundu zilizopo. Haimfai anayetaka kuona ndege wa nadra. Huyo aamke alfajiri na kuajiri mwelekezi wa ndege peke yake, kwa kuwa kufikia alasiri ndege wengi wamenyamaza. Wala haimfai mwenye nia ya kupiga picha akiwa na mche mkononi na kuondoka. Miezi ya Aprili na Mei ni ya kupanda, nayo ina matope mengi. Desemba hadi Februari ni ya kumwagilia na kupalilia, njia ni kavu na mbega huonekana kwa urahisi zaidi. Mimi ningechagua kiangazi, kwa kuwa ndipo miche inapohitaji mikono na ndipo wageni wanapoadimika.

Piga simu siku tatu au nne kabla, useme mko wangapi na viatu vyenu ni namba ngapi, uulize bei na uombe uandikiwe kwa ujumbe, kisha useme wazi kwamba ungependa kuliona daftari.